Maua ya Karamuni: Historia ya Pambo la Kati na Istilahi Yake

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alikabidhiwa kazi ya kufasiri kijitabu cha mafunzo kwa ajili ya wanafunzi wa upishi na uandaaji wa karamu. Kazi ilikwenda vizuri mpaka ilipofika sura ya arusi. Hapo palikuwa na sentensi fupi iliyomwagiza mwanafunzi aweke katikati ya kila meza ya wageni lile pambo la maua ambalo Waingereza wanalo neno lake moja tu. Mfasiri hakufikiri sana. Aliandika: "Weka shada la maua katikati ya kila meza." Karani aliyekuwa akipiga chapa mswada huo aliacha mashine yake, akaja na karatasi mkononi, akauliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, hii ni arusi au ni matanga?"

Swali lile halikuwa la mzaha. Katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa nchini Tanzania, tarehe 25 Julai, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Redio na magazeti yametangaza habari hiyo, pamoja na habari za mazishi ya wakubwa na wadogo, kwa maneno hayo hayo kwa muda mrefu, hata masikio ya wengi hayawezi tena kulitenga shada na kaburi. Ni kweli kwamba bibi arusi naye hushika shada, wala hapo hakuna anayeshtuka, maana mkono unaolishika unaeleza shughuli yenyewe. Lakini shada lililolazwa peke yake juu ya kitu kipana kilichofunikwa kitambaa cheupe ni jambo jingine kabisa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini neno linalofaa halikupatikana mara moja, ilhali Kiswahili si lugha maskini katika mambo ya maua. Kwa maoni ya mwandishi, jibu halimo katika kamusi. Limo katika historia ya meza, na hasa katika swali ambalo wafasiri hatuna desturi ya kuliuliza: chakula kilikuwa kimewekwa wapi?

Tuanze na Ulaya, kwa kuwa ndiko kitu hiki kilikotoka. Mtu anaweza kudhani kwamba Wazungu wameweka maua katikati ya meza tangu zamani za kale. Sivyo. Wagiriki na Warumi wa kale walipenda sana maua karamuni, lakini waliyavaa. Mgeni alivikwa taji la maua au majani kichwani, akala na kunywa akiwa nalo. Baadaye, katika majumba ya wafalme na matajiri wa Ulaya, fahari ya meza ilikuwa sanamu za sukari, kama ngome, wanyama na miungu ya hadithi. Katika karne ya 18 sanamu hizo zilianza kupisha vinyago vidogo vya kauri, hasa vile vya kiwanda cha Meissen huko Ujerumani. Waingereza wa wakati huo walikuwa na chombo cha fedha chenye mikono mingi, kila mkono umebeba kibakuli cha matunda au vitamutamu, nacho kilisimama katikati ya meza kama mti. Maua yalikuwapo, mengine ya hariri na ya karatasi, lakini yalikuwa wageni wa kando.

Sababu yake ni namna ya kuandaa chakula. Kwa desturi iliyoitwa ya Kifaransa, vyakula vingi vya mkupuo mmoja viliwekwa mezani kwa pamoja, vimepangwa kwa ulinganifu, na wageni wakajipakulia na kupakuliana. Meza ilijaa mabakuli na sahani hata mgeni aliyetamani samaki wa upande wa pili alikuwa hana budi kumwomba jirani. Mahali pa maua pangetoka wapi? Mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo ilipoingia desturi iliyoitwa ya Kirusi, ambayo kufika kwake Paris huhusishwa na Mwanamfalme Alexander Kurakin, balozi wa Urusi huko kuanzia mwaka 1808 hadi 1812. Kwa desturi hiyo nyama hukatwa pembeni, mtumishi huzunguka na sahani, na mgeni huletewa chakula kimoja baada ya kingine. Ilichukua miaka mingi kuenea. Mwaka 1861 Isabella Beeton, alipotoa kitabu chake mashuhuri cha utunzaji wa nyumba mjini London, bado aliwaonya wasomaji wake kwamba karamu za namna hiyo hazifai nyumba ndogo, kwa sababu zinahitaji watumishi wengi.

Chakula kilipoondoka, katikati ya meza pakabaki patupu, na maua yakakaa hapo. Mwaka huo huo wa 1861 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilifanya mashindano ya kupamba meza. Tuzo ya kwanza ilichukuliwa na Thomas March, aliyekuwa mtumishi katika ofisi ya mambo ya jumba la Malkia, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo. Chombo chake kilikuwa sahani mbili za kioo, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kwa shina jembamba la kioo. Uzuri wake ulikuwa katika wembamba wa shina hilo, kwa sababu wageni waliokaa pande mbili waliweza kuonana na kuzungumza. Kanuni hiyo inafuatwa na wapambaji mpaka leo. Pambo ama liwe fupi, sentimita 30 hivi, macho yapite juu yake, ama liinuliwe kwenye kinara chembamba hata maua yawe juu ya vichwa na macho yapite chini. Lililo baina ya hayo mawili ni ukuta.

Karne ya 20 iliongeza mambo mawili tu yanayotuhusu hapa. La kwanza ni Constance Spry, aliyefungua duka la maua mjini London mwaka 1929 na kuwashangaza watu kwa kutumia majani ya mboga, mbegu na hata magugu pamoja na waridi. Huyu alishiriki katika kupamba arusi ya Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947 na kutawazwa kwake mwaka 1953. La pili ni sponji. Mwaka 1954 Mmarekani mmoja, V. L. Smithers wa jimbo la Ohio, alitoa povu gumu la kemikali linalonyonya maji na kulishika shina la ua popote linapochomekwa. Tangu hapo mpambaji hakuhitaji tena chombo chenye mdomo; bonge la povu ndani ya kisahani lilimtosha. Povu hilo haliozi, bali huvunjika kuwa chembe ndogo za plastiki, na ndiyo sababu chama kile kile cha bustani kilipiga marufuku matumizi yake katika maonyesho yake kuanzia mwaka 2021.

Kabla ya kuingia katika kumbi za arusi za Afrika Mashariki, hapana budi kuitazama kwanza karamu yetu wenyewe jinsi ilivyokaa. Karamu ya walima pwani huliwa juu ya mkeka au jamvi. Wageni, wanne au sita, huzunguka sinia moja. Neno "sinia" lenyewe limetoka Kiarabu, nalo asili yake ni chombo cha Kichina. Wali au pilau hutandazwa, na katikati, juu, hukaa kitoweo. Kila mtu hula upande wake, na adabu humzuia kuvamia katikati mpaka mkubwa wao aigawe nyama. Kwa hiyo karamu yetu ina kitu cha kati tangu hapo, na kitu hicho huliwa. Anayeweka maua mahali hapo atakuwa ameharibu chakula. Hali ni ile ile ya meza ya Kifaransa kabla ya Kurakin: chakula kikikaa katikati, maua hutafuta makazi pengine.

Makazi yake kwetu yamekuwa mwili na kitanda. Hapa ndipo lugha ilipojaa. Liko "asumini" (wengine husema yasmini), neno lililotoka Uajemi kwa njia ya Kiarabu. Yako "waridi" na "mrihani" kutoka Kiarabu. Uko "mlangilangi", ambao jina lake limesafiri kutoka visiwa vya Ufilipino, na ambao mafuta ya maua yake yamekuwa zao kubwa la Komoro. Yako "kilua" na "mkadi". Maua haya yakitungwa kwa uzi na kuvikwa shingoni huitwa "koja". Yakikusanywa machache pamoja na majani ya mrihani na vipande vya mkadi, yakafungwa kuwa kifurushi kidogo cha kubandikwa nguoni au kuwekwa kifuani, huitwa "kikuba". Bibi arusi hupambwa kwa hina na piko, nguo zake hufukizwa udi, nywele zake hutiwa asumini, na kitanda chake hutandazwa maua. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji meza.

Inafaa kukaa kidogo juu ya asumini, kwa sababu ndilo linaloonyesha tofauti iliyopo baina ya desturi hizi mbili. Huchumwa alasiri likiwa bado limefumba, hutungwa kabla ya magharibi, nalo hufunguka usiku likiwa tayari nyweleni au kitandani. Asubuhi limegeuka rangi. Akina mama wanaouza vikuba na nyuzi za asumini jioni katika mitaa ya Mji Mkongwe, Unguja, na Mji wa Kale, Mombasa, wanafanya biashara ya bidhaa ambayo muda wake wa kufaa ni usiku mmoja tu, na usiku huo ndio unaotakiwa. Thamani yake ni harufu, tena harufu ya karibu, inayomfikia yule tu aliyeruhusiwa kukaribia. Ua la mezani lina kazi nyingine. Linatazamwa na watu wote, kutoka mbali, kwa saa nyingi, na linasafiri kabla ya kufika. Waridi linalolimwa kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako kilimo cha maua ya kuuza ng'ambo kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, hukatwa, hupozwa na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Sifa inayotafutwa kwanza ni shina refu na ua linalodumu ndani ya maji. Harufu imepotea katika aina nyingi za waridi hilo, na mnunuzi wa Aalsmeer hakuiulizia.

Neno "meza" limo katika Kiswahili tangu zamani, nalo tulilipata kwa Wareno pamoja na "mvinyo" na "leso". Lakini neno kufika si sawa na desturi kufika. Arusi ya mezani, yenye keki, viti na hotuba, ilienea baadaye sana, kwa njia ya misheni, ofisi na maisha ya mijini, na haikuiondoa ile ya jamvini; mpaka leo familia nyingi hufanya zote mbili kwa siku tofauti. Pamoja nayo yakaja maneno ambayo sasa hayamshangazi mtu: "ukumbi", "meza kuu", "kamati ya arusi", "mshereheshaji". Haya yametungwa na watumiaji wenyewe au yameenea kwa nguvu zao, na yamekaa vizuri.

Ndani ya ukumbi huo chakula hakiletwi mezani. Huwekwa kwenye meza ndefu za pembeni, na wageni huitwa kwa zamu kwenda kupakuliwa, kisha hurudi na sahani zao. Watu husema wanakwenda "bufee". Jambo lililotokea Paris kwa sababu ya watumishi wengi lilitokea Dar es Salaam na Nairobi kwa sababu ya wageni wengi. Chakula kiliondoka katikati, na meza ya duara yenye watu wanane au kumi ikabaki na duara tupu la kitambaa. Maua yakaja kulijaza, mengine mabichi, na mara nyingi ya plastiki au ya kitambaa, ambayo mpambaji huyaosha na kuyatumia tena Jumamosi ifuatayo. Kwa hiyo pengo la istilahi lililomkwaza mfasiri lina umri sawa na pengo la meza. Lugha haikuzembea, ilikuwa haijaitwa.

Mtu akielewa hivyo, ataona pia kwa nini vitenzi vyetu havilingani na kazi hii mpya. Anayefanya kazi ya koja "hutunga", kwa sindano na uzi, na ndicho kitenzi kile kile cha mshairi, kwa kuwa wote wawili hupanga kimoja baada ya kingine katika mstari usiokatika. Anayefanya shada "hufunga", maana mashina hukusanywa mkononi na kukazwa kwa kamba. Anayefanya pambo la meza kwa sponji hatungi wala hafungi. Yeye "huchomeka": shina moja moja, kutoka pande zote, mpaka sponji isionekane. Nimewasikia wanafunzi wakiandikiwa ubaoni "kutunga maua ya meza", na mwalimu akishangaa kwa nini wanatafuta sindano. Katika maandishi ya mafunzo ni bora vitenzi hivi vitatu vitengwe, na "kupamba" kiachwe kiwe jina la kazi yote kwa jumla, kama kilivyo katika "mpambaji". "Kupanga maua", ambako wengi hukupenda, si kosa, lakini hakumwambii mwanafunzi mkono wake ufanye nini.

Sasa istilahi yenyewe. Majina matano yamewahi kupendekezwa mbele ya mwandishi huyu kwa nyakati mbalimbali, na si vibaya yakipimwa hadharani.

"Shada la meza" tumekwisha kulieleza. Mbali na kaburi, lina kosa la umbo: shada ni la kushikwa au kulazwa, na pambo hili husimama. "Kikuba cha meza" kilipendekezwa na kijana mmoja wa bara aliyekipata neno katika kamusi na kukipenda kwa udogo wake. Alipolitamka mbele ya mama mmoja wa Kiunguja, mama yule alijifunika uso kwa mtandio. Alimjibu baadaye: "Mwanangu, kikuba wakijua mume na mke. Utakiwekaje mbele ya wakwe?" Hoja yake haina jibu. Kikuba ni siri ya mwili, na kukitoa ukumbini ni kulivua neno nguo. Tena, kama kikipewa kazi hii ya pili, baada ya kizazi kimoja wanafunzi wa bara watakijua kwa maana ya meza tu, na ile ya asili itabaki kwa wazee. Kiswahili kimekwisha kupoteza maneno kwa njia hiyo, na si lazima tuongeze.

"Kitovu cha meza" kina hoja nzuri, kwa kuwa twasema kitovu cha mji na kitovu cha biashara. Hata hivyo mshereheshaji atakayetangaza ukumbini kwamba vitovu vya meza vimegharamiwa na shangazi wa bwana arusi atakuwa amewapa watu kicheko ambacho hakukiandaa. Istilahi inayohitaji wasikilizaji wasicheke haijafaulu. "Sentapisi" limekwisha kusikika kwa wapambaji wenyewe, na mwandishi hana chuki na utohozi. Ametaja "bufee" hapo juu bila kuomba radhi. Tofauti ni kwamba bufee lilikuja na jambo zima ambalo lingehitaji sentensi kulieleza, ilhali jambo hili lina sehemu mbili nyepesi, pambo na kati, zote zikiwamo kinywani mwa kila mtu.

Ndiyo maana mwandishi anaelekea kwenye "pambo la kati", wingi wake "mapambo ya kati". Muundo wake umekwisha kuzoewa katika "shule ya kati", "mstari wa kati" na "kiungo wa kati" wa kandanda. Halisemi maua, na hiyo ni faida, maana pambo hilo huweza kuwa la matunda, mishumaa au matawi makavu. Panapohitajika itasemwa "pambo la kati la maua". Tena haliazimi kitu kutoka ghala la koja, kikuba na shada, kwa hiyo kila neno hubaki mahali pake: koja shingoni, kikuba kifuani, shada mkononi au mnarani. Wako watakaosema kwamba ni jina kavu. Ni kavu, lakini kitu chenyewe pia hakina harufu.

Hoja moja ya kupinga inastahili kutajwa, nayo imetolewa na wapambaji, si wanaisimu. Wanasema kwamba katika meza kuu pambo halikai katikati bali hutambaa mbele yote ya meza, kwa urefu wake, upande wa wageni, na wao huliita pambo vile vile. Je, hilo nalo ni la kati? La. Hilo ni "pambo la mbele", na ni vizuri majina yakitofautiana, kwa sababu vipimo vyake na hesabu ya mashina yake ni tofauti, na mwanafunzi anayeagiza maua kwa jina moja ataagiza pungufu.

Kijitabu kile kilipochapwa mara ya pili, sentensi ya sura ya arusi ilisomeka hivi: "Weka pambo la kati kwenye kila meza, lisizidi sentimita 30, ili wageni waonane." Karani aliipiga chapa bila kusimama. Kisha aliomba ruhusa ya kuongeza neno moja baada ya "pambo la kati", akaandika "jepesi", na alipoulizwa sababu alijibu kwamba katika arusi ya dada yake meza ziliazimwa kanisani, na miguu yake ilikuwa mibovu.